Changu wa kupaka: Vermentino au Chianti?

Kwa changu wa kupaka, mwenye tui zito, ukwaju na pilipili, toa Vermentino, mvinyo mweupe. Uchachu wake hukata mafuta ya tui. Chupa ikae kwenye friji kwa saa mbili hivi, imiminwe ikiwa nyuzi 8 hadi 10.

Chianti ni mvinyo mwekundu mzuri, lakini si kwa chakula hiki. Tanini zake, yaani ule ukakasi unaokausha kinywa, huzidisha mwasho wa pilipili, na madini ya chuma yaliyomo, yakikutana na mafuta ya samaki, huacha shombo mdomoni. Iweke kwa ajili ya mbuzi wa kuchoma. Chianti nayo ipoe kwenye friji nusu saa, maana kwa joto la Malindi kileo hupanda puani.

Kizibo kikiwa kimejitokeza, huenda stoo ilipata joto. Onja kwanza kabla hujawamiminia wageni.