Kazi mbili za kuchagua katika World of Warcraft Classic: zipi zinakulipa, zipi zinakula dhahabu yako

Katika World of Warcraft Classic, gemu la mtandaoni linalochezwa na watu wengi pamoja, kila mhusika anaruhusiwa kazi kuu mbili tu, na zilizopo ni tisa. Mwalimu wa kazi anakutoza sarafu chache za shaba siku ya kwanza, kwa hiyo wengi huchagua harakaharaka wakidhani ni jambo dogo. Si dogo. Ukiifuta kazi ili uchukue nyingine, ujuzi wote unapotea, na fomula ulizonunua zinakwenda nao. Gharama halisi iko kwenye safari ya kuufikisha ujuzi 300, na hiyo hulipwa kwa dhahabu, kwa malighafi na kwa saa zako za kucheza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza mhusika wake wa kwanza kwenye seva, ambaye hana mhusika mwingine wala rafiki wa kumtumia dhahabu. Mwenye mhusika tajiri pembeni anaweza kupanga mambo yake tofauti kabisa.

Tuzitaje kwanza, maana gemu halina Kiswahili na majina utayakuta kwa Kiingereza. Za kukusanya ni tatu: Herbalism ni kuchuma mitishamba, Mining ni kuchimba madini, Skinning ni kuchuna ngozi. Za ufundi ni sita: Alchemy hutengeneza dawa, Blacksmithing ni uhunzi, Engineering ni uhandisi wa mabomu na mitambo, Leatherworking ni ufundi wa ngozi, Tailoring ni ushonaji, na Enchanting hutia silaha na mavazi nguvu za kichawi. Ukisoma mahali kuhusu Jewelcrafting au Inscription, hizo ni za baadaye: ya kwanza ilikuja na The Burning Crusade mwaka 2007, ya pili ikafuata mwaka 2008. Cooking (kupika), Fishing (kuvua samaki) na First Aid (kutengeneza bandeji) hazihesabiwi katika zile mbili, kwa hiyo jifunze zote tatu bila kujiuliza.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa

Watu hushauriwa wachague kazi inayofaa aina (class) ya mhusika wao: Warrior awe mhunzi kwa sababu anavaa chuma, Mage awe mshonaji kwa sababu anavaa nguo. Ushauri huo una mantiki lakini unaruka swali muhimu kuliko yote: kitu ambacho kazi hii inatengeneza, je, siwezi kukinunua mnadani, yaani kwenye soko la wachezaji ndani ya gemu? Kama kinauzwa, hakuna haja ya kutumia miezi ukijifunza kukitengeneza. Kusanya, uza, kinunue. Ufundi wa kuugharamia ni ule unaokupa kitu ambacho soko haliwezi kukupa: kifaa kisichotumika na mtu asiye na ujuzi huo, vazi lisilohamishika kwa mwingine, au ubadilishaji wa malighafi wenye muda wa kungoja.

Jambo la pili ni kipando. Cha leveli 40 kinagharimu takriban dhahabu 100 pamoja na mafunzo ya kupanda, na cha leveli 60 kinafika dhahabu 1,000 kabla ya punguzo. Warlock na Paladin hawanunui cha kwanza, wengine wote tunanunua. Kazi za ufundi karibu zote zinakunyonya katika kipindi hichohicho unachotakiwa kuweka akiba. Nimewaona wachezaji wengi wakifika leveli 40 wakiwa na ujuzi wa kupendeza wa uhunzi na wanaendelea kutembea kwa miguu.

Nafasi ya kwanza: kuchuna ngozi pamoja na mitishamba, au pamoja na madini

Kazi mbili za kukusanya, hakuna ufundi. Kwa mhusika wa kwanza sioni jozi inayoishinda hii kuanzia leveli ya chini mpaka 60. Vifaa vyake ni kisu cha kuchunia au sururu, na kila kimoja hakifiki sarafu moja ya fedha. Mitishamba haihitaji kifaa kabisa.

Kwa nini kuchuna kuwe kimojawapo? Sababu iko kwenye ramani ndogo ya pembeni. Mchuma mitishamba ana uwezo wa kuona mimea kama nukta kwenye ramani hiyo, na mchimbaji ana wake wa kuona miamba ya madini, lakini gemu linaruhusu ufuatiliaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukichukua mitishamba na madini pamoja, utakuwa unabadilisha huku na huku kila baada ya sekunde kadhaa, na bado utapita karibu na mwamba wa Mithril bila kuuona kwa sababu wakati huo ulikuwa unatafuta majani. Watu wanaovumilia hupata dhahabu nyingi, sikatai. Mimi siwashauri wanaoanza. Hunter ana tatizo hilo mara mbili, kwa sababu uwezo wake wa kufuatilia wanyama nao unachukua nafasi ileile.

Kuchuna hakuhitaji ramani. Mnyama umemuua mwenyewe kwa ajili ya misheni, yuko miguuni pako, unamchuna unaendelea. Hata mnyama aliyeuawa na mtu mwingine, akishachukua vyake vyote na kumwacha, unaweza kumchuna. Hesabu ya ujuzi ni rahisi: kuanzia leveli 20, zidisha leveli ya mnyama kwa 5. Wa leveli 30 anataka ujuzi wa 150, wa leveli 60 anataka 300. Ukichuna kila unachokiua, ujuzi wako utakwenda sambamba na leveli bila wewe kuufikiria.

Kati ya mitishamba na madini, uamuzi utegemee unachopanga baadaye. Ukifikiria dawa, chuma mitishamba. Ukifikiria uhandisi, chimba madini. Kama hujui, napendelea mitishamba, kwa sababu wachezaji hunywa dawa kila siku na huzinunua tena wiki inayofuata, ilhali panga likishatengenezwa halirudi sokoni kwa mhunzi. Usidharau mimea ya chini. Swiftthistle, inayopatikana ukichuma Mageroyal na Briarthorn, inatakiwa kwa dawa ya kukimbia, na Rogue wanaitaka kwa chai yao ya Thistle Tea. Stranglekelp iko chini ya maji, ambako wavivu hawaendi.

Namna ya kuuza nayo ni sehemu ya ununuzi. Mnada wa upande wako, Alliance au Horde, hukata asilimia 5 ya mauzo. Mnada wa pamoja wa Booty Bay, Gadgetzan na Everlook hukata asilimia 15, kwa hiyo usiuze huko kwa sababu tu ulikuwa karibu. Tengeneza mhusika wa leveli 1, mkalishe mjini jirani na sanduku la barua, mtumie mzigo wako awe mchuuzi wako. Mifuko yako itabaki na nafasi na hutakatisha safari.

Nafasi ya pili: madini pamoja na uhandisi

Hapa lile swali langu linajibiwa wazi. Karibu mabomu yote ya mhandisi hayatumiki na mtu asiye na ujuzi: guruneti la chuma, Iron Grenade, linataka ujuzi wa 175, na Goblin Sapper Charge linataka 205. Huwezi kuyanunua na kuyarusha tu. Guruneti humduwaza adui kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kuokoa mponyaji wako au kumalizia mchezaji wa upande wa pili. Kwenye vita vya mchezaji kwa mchezaji sijui kazi inayokaribia hii, na vyama vingi vya wachezaji vinavyokwenda reidi, yaani mapambano ya kundi kubwa dhidi ya maadui wakubwa, hupenda kila anayepiga karibu awe na Sapper.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba uhandisi haukulipi. Kwa kuwa vifaa vyake vinahitaji mhandisi, wateja ni wahandisi wenzako, ambao wanajitengenezea. Darubini za bunduki na upinde huuzwa kiasi. Shaba, bati, chuma, Mithril na Thorium zitamezwa kwa mamia, ndiyo maana uchimbaji ni lazima uandamane nao. Ukifika ujuzi wa 200 utachagua kati ya Goblin, wenye milipuko, na Gnomish, wenye mitambo ya ajabuajabu. Mhusika wa kabila la Gnome anaongezewa ujuzi 15 wa uhandisi tangu kuzaliwa, kama ambavyo Tauren anaongezewa 15 wa mitishamba.

Ushauri wangu kwa anayeitaka jozi hii: anza na madini na kuchuna. Baada ya kupata kipando cha leveli 40, acha kuchuna na uingie uhandisi. Weka benki mawe na vipande vya shaba na bati kuanzia mwanzo, maana kurudi maeneo ya leveli 10 kuvitafuta ukiwa mkubwa kunachosha.

Nafasi ya tatu: mitishamba pamoja na dawa

Jozi inayofahamika zaidi, na ni nzuri kweli. Unachuma asubuhi, unapika dawa jioni, unauza kwa watu wanaokwenda reidi ya Molten Core. Major Mana Potion inataka Dreamfoil tatu na Icecap mbili. Elixir of the Mongoose inataka Mountain Silversage mbili na Plaguebloom mbili. Angalia bei za majani kabla ya kupika: mara nyingi majani mabichi yanauzwa ghali kuliko dawa iliyotokana nayo, kwa sababu wapishi wengine wanapika ili kupandisha ujuzi, si kupata faida. Siku hiyo uza majani.

Kinachoiweka juu ni ubadilishaji. Mwenye ujuzi wa kutosha na fomula yake hugeuza kipande cha Thorium na Arcane Crystal kuwa Arcanite, kisha anangoja muda upite kabla ya kurudia. Muda huo hauuzwi mnadani, na tofauti ya bei kati ya malighafi na Arcanite ndiyo mshahara wako. Inataka dakika moja tu ya kuingia kwenye gemu, jambo la maana sana kwa mtu mwenye kazi na familia.

Flask, aina ya dawa yenye nguvu zaidi, ni biashara ya wachache. Fomula zake ni adimu, kila moja inataka ua la Black Lotus, na huwezi kuipika mahali popote tu. Inatakiwa maabara iliyomo ndani ya Scholomance au Blackwing Lair, ngome zinazoingiwa kwa kundi. Black Lotus yenyewe huota Winterspring, Silithus, Burning Steppes na Eastern Plaguelands, na wanaoivizia ni wengi. Sisi tunaocheza kwenye seva za Ulaya tukiwa Dar es Salaam au Nairobi, huku mtandao ukichelewa kidogo, tusipange bajeti zetu juu ya ua ambalo anayeligusa kwanza ndiye analichukua. Anayevua samaki ana njia bora: Oily Blackmouth hutoa mafuta yanayoingia katika Free Action Potion pamoja na Stranglekelp, na dawa hiyo wapiganaji huinunua daima.

Nafasi ya nne: ushonaji pamoja na uchawi wa vifaa

Hii inawafaa Mage, Priest na Warlock, na haina kazi ya kukusanya hata moja. Vitambaa vinadondoshwa na maadui wenye umbo la binadamu, na mavazi ya daraja la kijani unayoshona unayavunja kupata vumbi na viini vya Enchanting. Kila kazi inalisha mwenzake. Mifuko haikosi mnunuzi: wa kitani una nafasi 6, wa sufu 8, wa Runecloth 14. Na ukiwa mshonaji mkubwa unaweza kujishonea Robe of the Archmage au Truefaith Vestments, mavazi yasiyouzwa kwa yeyote.

Lakini First Aid nayo inakula vitambaa vilevile, na Enchanting ndiyo kazi inayofilisi kuliko zote. Nguvu unazotia haziwekwi mnadani. Lazima usimame mjini ukitangaza kwenye chati ya biashara, ungoje mteja aje na vifaa vyake. Bila fomula adimu kama Crusader, utakuwa unafanya bure ili kupandisha ujuzi. Kama unachotaka ni fimbo nzuri ya mwanzo, Lesser Magic Wand na Greater Magic Wand zinauzwa mnadani kwa bei ndogo.

Zilizobaki

Kuchuna pamoja na ufundi wa ngozi kunamfaa Druid, Rogue, Hunter na Shaman, na kunapanda kwa urahisi kwa sababu malighafi unayo. Vazi la Devilsaur linalotokana na wanyama wakubwa wa Un'Goro linatafutwa na Rogue na Warrior waliofika 60. Linauzwa mnadani, kwa hiyo hata wao hawahitaji ufundi huo, na wewe ukiwa na kisu tu unaweza kuwauzia mafundi ngozi yenyewe.

Madini pamoja na uhunzi ninaiweka mwisho. Lionheart Helm ni kofia nzuri mno, na Arcanite Reaper ina jina kubwa, ila vyote viwili vinanunulika, na mipango ya vitu vya juu ni adimu na ghali. Mhunzi anayelipwa ni yule wa chama kikubwa ambaye wenzake wanamkusanyia malighafi. Ukiwa peke yako, uza Thorium.

Na kama unacheza seva za Hardcore, zilizofunguliwa rasmi Agosti 2023, ambako mhusika akifa ndiyo basi, panga upya: uhandisi unapanda nafasi ya kwanza. Target Dummy, sanamu linalowavuta maadui wakushambulie hilo badala yako, linataka ujuzi wa 85 kulitumia, na unaufikia mapema kabla maeneo hayajawa ya hatari. Beba mawili kila wakati, pamoja na bandeji na dawa ya kukimbia uliyoinunua mnadani.