Rhino na mipindo huru: msidanganywe na picha, tazameni pundamilia

Karibuni tena. Leo ni zamu ya Rhino, programu ya usanifu ya kampuni ya Robert McNeel & Associates ya Seattle, Marekani. Picha zilizong'arishwa sitawaonyesha, maana hizo hupendezesha hata uso mbovu. Tuangalie inavyoushika mpindo.

Humu kazi kubwa inafanywa na NURBS, njia ya kihesabu ya kuchora mipindo na nyuso. Unaweka nukta za udhibiti, nazo zinauvuta mpindo bila kuulazimisha uzipitie. Mizizi yake iko kwenye magari ya Ufaransa: Paul de Casteljau alikuwa Citroën, Pierre Bézier alikuwa Renault. Mpindo wa kawaida wa Bézier hauwezi kutoa duara kamili, unalikaribia tu. NURBS huipa kila nukta uzito wake. Robo hii ya duara ina nukta tatu. Ya katikati ina uzito wa kipeuo cha pili cha 2 kugawa kwa 2, takriban 0.707. Hilo ni duara halisi.

Sasa nasogeza nukta moja kwenye mpindo huu mrefu wa digrii 3 (daraja la hesabu yake, si pembe). Mmeona? Jirani zake wamefuata, kule mbali hakuna kilichotikisika. Raha hiyo ndiyo inayowaponza wanaoanza: wanamwaga nukta hamsini mahali pa sita, halafu wanashangaa boneti ina mawimbi. Amri ya Rebuild huzipunguza.

Mimi huihukumu programu ya namna hii kwa vifaa vya ukaguzi, na hapa kuna Zebra, kifaa kinachoupaka uso mistari kama ya pundamilia. Tazameni mistari kwenye kiungo cha nyuso mbili. Ikikatika na kuhama, nyuso zimegusana tu. Ikikutana lakini ikapiga kona, mwelekeo ni mmoja, ila kiasi cha kupinda kinaruka. Ikipita laini, mmefika G2, yaani kiasi cha kupinda nacho ni kimoja pande zote mbili za kiungo. MatchSrf, amri ya kuulinganisha ukingo wa uso mmoja na wa mwingine, itawafikisha huko, lakini kagueni na ukingo wa upande wa pili, huenda nao umesogea.

Jambo la kuwaudhi: uso uliokatwa haujapungua. Sehemu imefichwa tu, nukta zote zipo palepale. Na kingo mbili zilizokatwa huunganishwa ndani ya kiwango cha uvumilivu (pengo linaloruhusiwa) mlichokiweka, basi kiwekeni kabla ya kuchora chochote.

Toleo la 7, la mwaka 2020, lilileta SubD, nyuso laini zinazotokana na wavu wa vipande, kwa maumbo ya kufinyanga. Tamu sana, na hugeuzwa kuwa NURBS.

Je, mnunue? Wa vito, viatu na mashua, ndiyo, na leseni hulipiwa mara moja. Wa vipuri vinavyobadilishwa vipimo kila mara, tafuteni programu inayotunza hatua zote za uundaji. Grasshopper, zana ya kuunda maumbo kwa kuunganisha kanuni, imo humu, lakini hiyo ni shule nyingine.