Kibanda cha kujaza flashi, Ngamiani: kanda zenu pelekeni, muvi mtajua wenyewe

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Makorora, na bila taarabu mguu haukanyagi pedeli. Sabufa yangu inakula flashi tu, mambo ya intaneti haiyajui. Ndiyo maana vile vibanda vya kujaza nyimbo na muvi navifahamu vizuri, na hiki ninachokisema leo ndicho ninachokwenda zaidi kuliko vyote hapa Tanga. Kiko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kati ya wakala wa pesa na fundi viatu. Jina silitaji. Mengine nitakayosema hayatampendeza mwenyewe, na ni kijana ninayempenda.

Bei zake amezibandika mlangoni kwa kalamu ya wino mzito. Muvi moja mia tatu. Sizoni nzima elfu mbili. Flashi ya GB 8 ikijazwa nyimbo, elfu tatu. Kuhamisha kanda kuiweka kwenye flashi, elfu tano kila moja. Wateja wengi wanafuata muvi, hasa zilizotafsiriwa Kiswahili, ile kazi iliyompatia jina Lufufu. Mimi nilikwenda na kanda.

Ilikuwa kanda ya harusi ya dada yangu, Pangani, 1991. Imekaa kwenye kopo la Blue Band miaka yote hiyo, na mara ya mwisho kuichomeka redioni ilitoa sauti ya kukoroma. Nilidhani kijana ataniambia imekufa. Badala yake aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama tumboni, akasema, "Mama, utepe mzima. Kilichobanduka ni kile kisponji cha chini." Akatoa bisibisi ndogo, akafungua skrubu tano za kanda, akachukua kisponji kutoka kwenye kanda nyingine mbovu, akakibandika kwa kibano. Halafu akafuta kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akazungusha utepe kwa kalamu ya Bic mpaka ukakaza. Hapo hata umeme hajawasha.

Waya mmoja ukatoka kwenye tundu la hedifoni la deki ukaingia kwenye kompyuta. Akafungua programu ya kurekodia sauti, Audacity, na mistari ya buluu ikaanza kucheza kila wanawake walipopandisha sauti. Alinieleza mapema kwamba kanda ya dakika 60 itakula dakika 60, mkato hakuna, kwa hiyo niende sokoni nirudi. Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi nikasikiliza upande wa kwanza wote, na wateja wake wawili wa muvi wakasikiliza nami bila kutaka.

Mwisho akajaribu kuondoa ile kelele ya nyuma. Ikaondoka kweli, lakini sauti za waimbaji zikawa kama za watu walio chini ya maji. Nikamwambia airudishe kelele yake. Akairudisha bila kununa, akakata wimbo mmoja mmoja, akaniandikia majina niliyomtajia. Kwa kazi hiyo elfu tano ni bure. Ningekuwa na nyota za kutoa ningempa zote.

Basi, wakati ananirudishia flashi, akaniomba kitu. "Mama, hii naomba nibaki na kopi. Watu wazima wanaziulizia sana hizi."

Nikakataa. Wale wanawake waliitwa kuimba harusini, wakatuzwa usiku ule, wakaondoka. Wengine wapo hai, nakutana nao mazikoni na kwenye maulidi. Hakuna aliyewaambia kwamba ipo siku sauti zao zitauzwa Ngamiani kwa fungu. Tena mle ndani dada yangu anataniwa maneno ambayo si ya kila sikio. Kijana akasema sawa mama, akafuta mbele ya macho yangu, akaingia mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta akamwaga na huko.

Nikatazama nyuma yake. Eksitano, zile diski za nje za kuhifadhia mafaili, zimepangana rafu nzima, zimeandikwa kwa plasta: Bongo Fleva, Singeli, Kaswida, Taarabu ya Zamani, Kikorea, Kihindi. Nikamuuliza, "Na hawa je, uliwaomba?" Akacheka. "Mama, hao mimi siwajui."

Sikuwa na jibu palepale, lakini nimelifikiria sana nikiwa mashineni. Kijana huyu si mwizi wa tabia. Ana adabu na mwenye mali anayemwona. Asiyemwona hana habari naye. Nasi wateja ndivyo tulivyo: hatuwezi kutoka na kipande cha khanga dukani kwa sababu muuzaji yuko pale, lakini albamu nzima ya mtu aliyelala studio tunaichukua huku tunapiga soga.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haikumkaba raia wa kawaida kama watu wanavyodhani. Kazi ikishatolewa kihalali, mtu anaruhusiwa kujinakilia kwa matumizi yake binafsi, bila kuomba na bila kulipa. Kwa hiyo CD niliyoinunua mwenyewe nikiipeleka kwa kijana aitie kwenye flashi yangu, simwogopi mtu. Ila yeye anayenakili muvi moja asubuhi akaiuza mpaka usiku, matumizi binafsi yako wapi? Ruhusa ile ni ya msikilizaji. Muuza duka asijifunike khanga yangu.

Wapo wanaosema tumeshalipa, maana tangu 2023 kuna tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vya kurekodia na kuchezea. Hata. Tozo hiyo haigeuzi kibanda kuwa na leseni.

Na wapo wa "Wahollywood hawatakufa njaa". Haya, na wa kwetu? CD za Bongo muvi zilibandikwa stempu za TRA mwaka 2013 ili halali ijulikane, na bado machinga walipita na zisizo na stempu kwenye kila kituo cha basi. Leo ukizitafuta CD hizo huzioni, watengenezaji wamehamia kwenye king'amuzi, Sinema Zetu ya Azam na kwingineko, na YouTube. Kwa hiyo Bongo muvi kwenye flashi sinunui. Nazitazama kwa jirani kwenye king'amuzi chake, na anayelalamika kuhusu ugeni wangu ni yeye, si msanii.

Penye utata kwangu ni nyimbo za zamani. Black Star na Lucky Star ni vikundi vya hapa hapa Tanga, na nyingi ya nyimbo zao zilitoka kwenye santuri za lebo ya Mzuri kule Mombasa. Nenda leo dukani Tanga na pesa mkononi uombe santuri hiyo, uone utakavyotazamwa. Kwa hizo namlipa kijana na nalala. Angekuwepo wa kumlipa kihalali ningemlipa. Nyimbo mpya binti yangu ananifungulia Boomplay kwenye simu yake, tunavumilia matangazo, na bando likiisha tunanyamaza.

Tukiacha haki na dhuluma, hata ubora wa bidhaa zake za kujaza ni mashaka. Nyimbo nyingi zina DJ anayejitaja katikati ya ubeti, tena pale pazuri. Muvi mpya kabisa aliyomuuzia shoga yangu ilirekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema, kichwa cha mtu kinapita kwenye kioo anakwenda kununua bisi. Na flashi ikitoka pale bila kusafishwa, unafungua nyumbani unakuta mafolda yote yamegeuka vijishale vya mkato (shortcut). Hivyo ni virusi. Mwambie aiskani kabla hujalipa, ataiskani, ila lazima umwambie.

Mwenye kanda ya harusi, ya maulidi, ya marehemu anayesoma hotuba, apeleke. Nenda asubuhi, mchana umeme una mambo yake na kanda ikikatika katikati anaanza upya. Mwombe akupe faili kubwa la WAV, lile lisilobanwa, pamoja na dogo la MP3, haongezi bei. Kaa kwenye benchi mpaka amalize, na akikuomba kopi, jibu ni lako. Ijumaa anafunga saa sita, anarudi baada ya swala.