Chaja ya kutunza betri gari linapolala msimu wa baridi: umeme ukikatika, itarudi kazini?

Mwaka jana betri ya gari langu ilikufa ikiwa imeunganishwa na chaja. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapolisimulia, watu hudhani nilisahau kuchomeka. Sikusahau. Plagi ilikuwa ukutani, vibanio vilikuwa kwenye betri, na kioo cha chaja kilikuwa kinawaka siku niliyofunga mlango wa gereji na siku niliyoufungua wiki saba baadaye, katikati ya baridi kali.

Nilipoinua boneti, nilianza kuona ubavu wa betri. Ulikuwa umevimba hadi kibandiko cha mtengenezaji kikapasuka katikati, na kwenye mshono wa kifuniko palikuwa na ufa mwembamba wenye unga mweupe. Nikaweka mita: volti 3.9. Maji ya betri yalikuwa yameganda humo ndani. Na chaja ile, pembeni yake, inang'aa kioo chake cha buluu kana kwamba mambo yote ni sawa.

Kilichotokea ni hiki. Redio ya zamani iliyo kwenye rafu humo gerejini ilikuwa inapepesa sifuri nne, maana yake umeme ulikatika wakati fulani ukarudi. Dakika chache zilitosha. Uliporudi, chaja haikuendelea na kazi. Ilirudi mwanzo kabisa, ikakaa ikisubiri mtu abonyeze kitufe na kuichagulia aina ya betri. Baadaye nilipopima nikakuta kwamba, katika kusubiri kule, chaja yenyewe inavuta miliampia 25 kutoka kwenye betri. Gari langu likiwa limefungwa huvuta 40 kwa ajili ya alamu, saa na kompyuta zake. Jumla 65. Piga hesabu: ni ampia-saa 1.56 kwa siku (ampia-saa ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), na betri ya ampia-saa 60 inakauka ndani ya siku 38. Kifaa nilichokinunua kilinde betri kilikuwa kinasaidiana na gari kuimaliza.

Baridi ikamalizia. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, maana asidi yake ni nzito. Ikiisha, kinachobaki ndani kinakaribia kuwa maji matupu, na nyuzi 10 chini ya sifuri zinaweza kuigandisha. Yangu ilikutana na usiku wa nyuzi 15. Betri ikishaganda na kupasuka, hakuna fundi wa kuiponya, na usithubutu kuichaji ikiwa bado na barafu, kwa sababu inaweza kulipuka.

Nilipoeleza kisa hiki kwa mara ya kwanza, wasomaji waliniandikia. Mmoja alikuwa na soketi ya gereji inayozimwa na swichi ya taa. Kila akitoka anazima taa, na chaja nayo inazimika. Akiwasha, chaja inarudi kwenye kusubiri. Alikaa msimu mzima akiamini betri inatunzwa. Mwingine, kikatio cha umeme kilijikata kwa sababu ya unyevu, jirani akakirudisha, basi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia idadi ya hatua za kuchaji, wala chaja ipi ina ampia nyingi, wala ipi imezibwa vizuri isiingie maji. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi. Mimi napanga chaja kwa swali moja: umeme ukikatika na kurudi wakati hakuna mtu, inafanya nini?

Jinsi ya kupima ni rahisi na naomba uifanye kabla gari halijalala. Unganisha chaja, subiri taa ya kuchaji iwake. Chomoa plagi ukutani huku vibanio vikibaki kwenye betri, na uhesabu dakika tano kamili. Usichomoe na kuchomeka hapo hapo, maana kapasita za ndani, vile vihifadhi vidogo vya umeme, huwa bado zina umeme na chaja mbovu itafaulu kwa bahati. Rudisha plagi, kisha weka mikono nyuma. Usiguse kitufe chochote. Kama baada ya dakika mbili taa ya kuchaji haijarudi, hiyo si chaja ya kuachia gari linalolala.

Halafu kuna namba moja ya kuitafuta kwenye kijitabu cha maelezo: umeme ambao chaja hunyonya kutoka kwenye betri pale ukuta unapokuwa hauna umeme. Wazalishaji makini huiandika. Ukikuta miliampia 5, hiyo ni ampia-saa 3.6 kwa mwezi, si mbaya. Miliampia 25, kiasi kilekile chaja yangu ilichovuta ikisubiri, ni ampia-saa 18 kwa mwezi, karibu theluthi ya betri ya gari dogo. Kama namba haipo kabisa, mimi huirudisha kwenye rafu.

Sasa, mpangilio wangu.

1. CTEK MXS 5.0

Hii ndiyo ninayotumia na ndiyo ninayoipenda, na sioni sababu ya kuficha. Ni ya kampuni ya Uswidi, nchi ambako magari hulala kwenye theluji kwelikweli. Inakumbuka programu uliyoichagua mara ya mwisho, kwa hiyo umeme ukirudi, inaendelea bila kumngoja mtu. Nimeichomoa ukutani mara tano kwa kipimo changu na mara zote tano taa imerudi. Kijitabu chake kinasema hunyonya chini ya ampia-saa 1 kwa mwezi ukuta ukiwa hauna umeme. Hiyo ni kama miliampia 1.4, gari lenyewe linavuta mara nyingi zaidi ya hapo.

Programu ya kawaida hupandisha betri hadi volti 14.4. Ile yenye alama ya theluji hufika 14.7, na ni ya betri nyingi za AGM, yaani zile betri kavu za magari yanayojizima kwenye foleni, na pia ya kuchaji betri za kawaida kwenye baridi. Ina kihisi cha joto, hivyo hurekebisha volti kulingana na hali ya gereji. Ikishajaza, huishikilia betri kwenye volti 13.6 kwa siku kumi hivi, kisha huacha kusukuma, huitazama betri, na kuipa umeme kwa vipindi vifupi pale inaposhuka. Ndani ya boksi kuna vibanio na pia waya wenye pete za kufunga moja kwa moja kwenye terminali, jambo ambalo wauzaji wengine wanakutoza pembeni.

Iko programu ya kufufua betri iitwayo RECOND, inayofika volti 15.8. Hiyo ni ya betri ya maji iliyoisha kabisa. Usiiguse kwa sababu tu ina jina zuri.

Kama unachohitaji ni kutunza tu, na betri utaijaza kwa njia nyingine kabla ya kulilaza gari, mdogo wake XS 0.8 anatosha. Hana kitufe hata kimoja, kwa hiyo hana cha kusahau. Hutunza betri hadi ya ampia-saa 100, ila usimpe kazi ya kujaza betri kubwa iliyoisha, atahangaika nayo siku nyingi.

2. OptiMate 6

Ya TecMate, Ubelgiji. Inaanza yenyewe ikipata umeme. Ninachokipenda zaidi ni mtindo wake wa kutunza: huipa betri umeme nusu saa, kisha huipumzisha nusu saa na kuipima kama inashikilia chaji. Betri yenye seli mbovu hujulikana mapema, kabla hujaja kugeuza ufunguo ukakuta kimya. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa kwamba taa zake zinahitaji kukaa na kijitabu mkononi ndipo uzielewe.

3. NOCO Genius1

Ina kumbukumbu pia, inarudi kwenye njia uliyoiacha, isipokuwa zile njia maalumu za kulazimisha na kurekebisha betri, ambazo kwa usalama haizikumbuki. Ni sahihi kufanya hivyo, lakini ujue: ukiiacha kwenye njia hizo ukaondoka, umeme ukikatika haitazirudia. Ina kihisi cha joto. Ampia yake ni moja tu, inatosha kutunza. Kasoro ninayoiona ni umbo. Mwili wote wa chaja unaning'inia kwenye soketi ya ukutani, na soketi ya gereji iliyolegea huuachia polepole. Nimewahi kuikuta imeinama, pini nusu nje.

4. Battery Tender Junior

Haina kitufe. Inachomekwa, inafanya kazi, umeme ukikatika ukirudi inaanza tena. Kwa kipimo changu imefaulu. Nimeiweka ya nne kwa sababu ni ndogo kwa gari: miliampia 750 zikijaribu kujaza betri ya ampia-saa 60 iliyofika nusu, itachukua zaidi ya saa 40. Pikipiki ndiyo mahali pake.

5. Bila chaja: kufungua terminali hasi

Spana namba 10, dakika mbili, bure. Gari haliwezi kunyonya chochote, na betri iliyojaa ikiwa mahali pa baridi hupoteza chaji yake polepole sana. Andika msimbo wa redio ya gari kwanza, maana baadhi ya redio huudai betri ikirudishwa. Kwa asiye na soketi hii ndiyo njia.

6. Paneli ndogo za jua za kuweka kwenye dashibodi

Msimu wa baridi jua ni fupi na gari liko ndani. Pita.

7. Chaja za zamani za transfoma zisizojizima

Hizi husukuma tu, betri imejaa haijajaa. Maji ya betri yanachemka, gesi ya hidrojeni inajaa gerejini. Hapana.

Na wale wanaowasha injini dakika kumi kila wiki, tafadhali acheni. Stata inachukua chaji nyingi, alternata hairudishi yote kwa muda huo mfupi, na unyevu unabaki kwenye bomba la moshi.

Niseme sasa la moyoni kuhusu wauzaji. Chaja iliyoniulia betri iliandikwa "yenye akili" pande nne za boksi. Nilimuuliza muuzaji maswali mawili tu: je, naweza kuiacha miezi mitatu, na je, inajiendesha yenyewe. Akasema ndiyo, ndiyo. Niliporudi na picha za betri iliyopasuka, nikaambiwa betri ilikuwa imezeeka, nilete risiti ya betri. Nikaleta risiti, ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Nikaambiwa basi tatizo ni umeme wa nyumbani kwangu. Umeme hukatika kila mahali! Kifaa kinachouzwa kwa kazi ya kuachwa peke yake kwa miezi kinapaswa kujua hivyo kabla ya kutoka kiwandani.

Na bei inapanda kwa ajili ya vitu visivyohusika. Kioo cha rangi, ampia kumi badala ya tano, picha za magari ya mbio. Gari linalolala halihitaji ampia kumi, linahitaji tone dogo lisilokatika. Mtu anayekuja kutafuta kutunza betri anauziwa chaja ya gereji ya mafundi, na swali la kumbukumbu ya programu hakuna anayelijua dukani. Nimeshauliza katika maduka matano. Mmoja tu alikubali kuchomeka chaja kwenye betri ya maonyesho tukafanya kipimo cha dakika tano pamoja, na nikanunua kwake.

Ukishanunua, jaza betri kikamilifu kabla ya kulilaza gari. Iache itulie saa kadhaa, kisha pima: volti 12.6 au 12.7 ndiyo kujaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Betri inayokaa nusu hujenga salfeti ngumu kwenye sahani zake za risasi, na hiyo hairudi nyuma kirahisi. Funga kibanio chekundu kwanza, kisha cheusi kwenye chuma cha gari mbali na betri, ndipo uchomeke ukutani.

Na kama tayari una chaja iliyofeli kipimo, usiitupe. Itumie kujaza betri ukiwa umesimama hapo hapo, ikimaliza iondoe kabisa, vibanio na vyote, halafu chukua spana namba 10 ufungue terminali hasi. Mara moja kwa mwezi pitia na mita. Ukikuta imeshuka chini ya 12.4, ichaji tena siku hiyo hiyo.