Mwalimu wa kuogelea Nyali, kwa mtoto asiyetaka maji usoni

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza. Ni shilingi 1,000 kwa somo la dakika 45, na hoteli nayo inatoza 500 kwa kila anayeingia bwawani, awe anaogelea au anakaa kitini kama mimi. Si rahisi, kwa pesa hizo nyumba nzima inakula biriani. Lakini binti yangu wa miaka saba, ambaye kuoshwa nywele tu kulikuwa mayowe mpaka jirani anagonga ukuta, sasa anatia kichwa majini mwenyewe. Pesa yangu siijutii.

Jina la mwalimu siliweki, mwenyewe hapendi kuanikwa mtandaoni. Anafundisha Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la hoteli moja huko Nyali, Mombasa, na wazazi hupeana nambari yake. Ni mama wa makamo, mtu wa Mji wa Kale, anaingia majini na vazi la kujisitiri toka kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, na sauti yake haipandi hata mtoto akilia.

Hilo la sauti kwangu ni kubwa. Kabla yake tulipitia kwa mwalimu mwingine, pahali pengine, wa madhehebu ya "mtumbukize, atazoea". Alimzamisha mtoto kinywa ki wazi, katikati ya maneno. Akapaliwa, akatapika, na toka siku ile hata kopo likipita karibu na uso anakimbia.

Huyu wa Nyali, somo la kwanza, kichwa hakukitaja kabisa. Waliketi kwenye ngazi ya bwawa, maji kiunoni. "Mamangu, chai hii ya moto, ipoze." Mtoto akapuliza juu ya maji. "Bado inaunguza, sogea." Midomo ikagusa, mapovu yakaruka, akacheka. Kisha wakaanza kuguna, mmm, midomo imefumbwa, kidevu ndani ya maji, halafu pua. Nikamuuliza kuguna kwa nini. Akanijibu macho yakiwa kwa mtoto: "Dada, mtu akiguna anatoa hewa puani. Hewa ikitoka, maji hayaingii. Wanaopaliwa ni wale wanaovuta."

Nikaelewa. Sisi wazazi wimbo wetu ni "bana pumzi". Mtoto mwenye hofu ukimwambia abane, anavuta hewa kwa nguvu, anakakamaa mwili mzima, na akishindwa anavuta tena akiwa bado chini. Akifundishwa kutoa, hana cha kukakamalia. Na mashindano ya nani atakaa chini muda mrefu mwalimu ameyapiga marufuku kwa watoto wote, wenye hofu na wasio na hofu, kwa kuwa mtu aweza kuzirai majini bila hata kujijua.

Kichwa chenyewe kiliingia kwa ajili ya sarafu. Hizi sarafu zetu zilizotoka 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Mwalimu anaidondosha moja kwenye ngazi na kuuliza, "Mnyama gani huyo?" Maji yakitikisika huwezi kumjua ukiwa juu. Binti yangu alianza kwa kuinama, akatia kipaji, akatia jicho moja, akatoka kwa hasira: sarafu ilikuwa imelalia upande wa mnyama na kuonyesha nembo ya taifa. Sasa itabidi aigeuze. Akaingiza mkono, na uso ukafuata, masikio na yote, akaibuka maji yakimchuruzika mdomoni akipiga kelele, "Kifaru!" Mwalimu hakumpigia makofi. Aliidondosha nyingine ngazi ya chini yake. Mimi ndiye niliyepiga makofi, nikaambiwa ninyamaze.

Maboya ya mikono hayataki. Anasema yanamsimamisha mtoto wima, kichwa juu, na anayezoea kusimama majini kulala kifudifudi kunamtia kiwewe. Miwani anaruhusu, ile midogo ya macho tu. Ile kubwa inayofunika na pua tulirudi nayo nyumbani bila kuivaa, maana pua ikifungwa mtoto hajifunzi kutoa hewa.

Kuna na kazi ya nyumbani: beseni na kopo, kila jioni. Mtoto anashika kopo yeye, anajimiminia kwanza kisogoni, siku nyingine utosini, mwisho usoni, na taulo haipewi haraka, ayaache maji yateremke yenyewe. Kwa sisi tunaonunua maji ya mtungi kwenye mkokoteni ni mtihani, lakini maji ya beseni hayatupwi, yanakwenda chooni.

Kasoro zipo. Mwalimu huchelewa, na muda aliochelewa haufidii. Dawa ya maji hoteli inaitia bila huruma, macho yanakuwa mekundu mpaka adhuhuri. Chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja kwa wanawake wote na foleni yake ni ya feri ya Likoni. Na ukija na dera ukitaraji kumsimamia mtoto majini, askari wa bwawa atakuzuia, nguo za pamba haziruhusiwi. Sheria nyingi za bwawa ndivyo zilivyo, nyuzi huziba chujio, lakini wangetwambia kwenye simu.

Nimeulizwa, bahari iko bure, bwawa la nini? Bahari ina saa zake. Jumamosi hii saa nne maji yamejaa, Jumamosi ijayo saa ile ile yamekupwa unatembea juu ya mwani, na mtoto wa hofu anataka maji yale yale, kina kile kile, kila akija. Halafu kuna upepo wa kusi na mawimbi yake. Mwalimu anasema atampeleka ufuoni Bamburi kaskazi ikitulia, siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, na hapo binti atagundua kuwa maji ya chumvi humbeba mtu vizuri kuliko ya bwawa, ila jicho litawasha zaidi.

Anayetaka nafasi asingoje Desemba. Wageni wa bara wakishuka, hoteli inapandisha kiingilio, bwawa linajaa mipira, na mwalimu hupunguza wanafunzi mpaka shule zifunguliwe.