Mbao ya mlingoti na foromali kwa mashua ndogo: ununue ipi kwanza

Anayejiundia mashua yenye tanga la mita za mraba 6 hadi 8 humaliza miezi akichonga chombo, kisha hutenga nusu siku tu kutafuta mbao za mlingoti. Hapo ndipo pesa hupotea. Foromali yangu ya kwanza, yaani ule mti unaobeba tanga, ilikatika kwa upepo wa kawaida kabisa, palepale kwenye fundo la mbao, alama ya tawi, lenye ukubwa wa sarafu. Fundo hilo nililiona siku ya kununua, nikalinyamazia kwa sababu ubao ulikuwa na jina kubwa. Tangu hapo jina la mti nalitazama mwisho, na orodha hii nimeipanga kwa msimamo huo.

Kwa hiyo tuanze na ubao wenyewe. Inua ncha moja hadi usawa wa jicho, fumba jicho la pili, fuata ukingo mpaka mwisho. Ubao uliopinda kidogo kama upinde unavumilika, maana ukiupasua kwa urefu, ukageuza nusu moja na kuzigundisha, mipindo miwili hushindana na mti hunyooka. Ubao uliojisokota urudishe ulikoutoa. Ukaushe vipi, ubane vipi, hautaacha kujisokota.

Kisha tafuta mwelekeo wa nyuzi. Macho hudanganywa na mistari ya pete za ukuaji wa mti, hivyo mimi hutembea na kalamu ya wino: nadondosha tone moja juu ya sehemu laini, na wino hutambaa kufuata nyuzi. Nyuzi zikikimbilia ukingoni kwa sm 1 ndani ya urefu wa sm 15, ubao ni mzuri. Sm 1 ndani ya sm 12 ndio mwisho wangu. Zaidi ya hapo mlingoti utachanika kimshazari siku ya upepo. Tazama pia kichwa cha ubao: pete zilizobanana, 8 au zaidi kwa inchi moja, na kiini cha mti kisiwemo, kwa sababu mbao yenye kiini hupasuka ikikauka. Jambo la mwisho wengi hawalijui. Ukiona mikunjo myembamba kama unywele inayokatiza nyuzi, ujue mti huo uliwahi kuelemewa na nyuzi zake zilishavunjika kwa ndani. Usiuchukue hata kwa bure.

Na mafundo? Fundo dogo, hai (lililoshikamana na mbao), la milimita 5 hivi, likiwa katikati ya unene na karibu na ncha, nalikubali. Likiwa ukingoni silikubali. Likiwa karibu na pale mlingoti unapotoboa sitaha, silikubali kabisa: mlingoti usio na kamba za kuushikilia hubeba mzigo wake mkubwa zaidi hapo.

1. Douglas. Mti huu wa Amerika Kaskazini umepewa jina la David Douglas, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, na kwangu ndio ununuzi bora. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 530 hivi, dhidi ya 430 za sprusi ya Sitka (mti wa jamii ya msonobari, namba 3 hapa chini), na watu huishia hapo wakisema ni mzito mno. Hesabu haijaisha. Ugumu wake wa kupinda unazidi wa Sitka kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo mlingoti unaweza kuwa mwembamba kidogo, na uzito unaozidi ukashuka hadi kama moja ya nane. Tena huvumilia uozo kuliko sprusi. Kero yake iko kwenye randa: pete zake zina tabaka laini na tabaka gumu, chuma huruka-ruka, na vibanzi vyake huchoma. Noa mara kwa mara, toboa kwanza kabla ya kutia skrubu.

2. Sprusi ya kawaida ya ujenzi, uliyoichagua mwenyewe. Ndiyo, ile inayoezekea nyumba. Siri ni kununua ubao mpana kuliko unaohitaji, wa inchi 10 au 12. Mbao pana hutoka kwenye miti minene, na mara nyingi mafundo hukusanyika katikati huku kingo mbili zikiwa safi. Pasua kingo hizo, gundisha vipande, una mlingoti. Hulazimika kupekua rundo zima, pengine mbao 30 kwa kupata mbili, basi omba ruhusa kwanza na ulirudishe rundo lilivyokuwa. Ikiwa bado mbichi, ipange kivulini ikiwa na vijiti kati ya mbao na mbao, mpaka unyevu ufike asilimia 12 hadi 15, ndipo utie gundi.

3. Sprusi ya Sitka. Najua wengi wangeiweka juu. Kama mti wa mlingoti haina mshindani: nyepesi, ngumu kupinda, nyuzi ndefu zilizonyooka, ndiyo maana ndege za kale zilijengwa nayo. Lakini iliyo safi ni adimu, na jina lake huuza hata ubao mbaya. Ukipata mrefu, safi, usisite. Ukipata wenye nyuzi zinazokimbilia ukingoni, namba 2 inaushinda.

4. Mti mzima, mwembamba na ulionyooka. Nyuzi zake hazijakatwa na msumeno, na kwa tanga dogo nguvu hiyo yatosha. Menya gamba mara moja, paka vichwa rangi nzito, anika kivulini. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wa mbao. Nyufa za urefu zitatokea na hazina neno. Usizijaze kitu kigumu, kwa sababu mti ukinywa unyevu na kuvimba, ulichojaza kinageuka kabari.

5. Mwanzi. Kwa foromali ya tanga dogo na upondo, ni mzuri na mwepesi. Kwa mlingoti, hapana. Usiutoboe, na kila unapofunga kamba zungushia uzi mwingi kwanza, la sivyo utapasuka.

6. Mwerezi mwekundu. Hauozi upesi, una harufu nzuri, lakini ugumu wake wa kupinda ni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na Sitka. Uache ukae kwenye ubavu wa mashua. Mbao nzito kama msaji na mkalitusi sizipi hata namba. Mlingoti wa mita 4.5 wenye kipenyo cha mm 70 ni kilo 7.4 kwa Sitka, kilo 9.2 kwa Douglas, na karibu 14 kwa mbao ya kilo 800 kwa mita ya ujazo, uzito wote huo ukiwa juu ya vichwa vyenu.

Ukiwa na subira, nunua mbao nyembamba uunde mlingoti wenye uwazi ndani: vipande 8, kila kimoja kikiwa na mfereji wa umbo la V ukingoni ambamo jirani yake hukalia. Unene wa kipande uwe 0.2 ya kipenyo na upana 0.4, yaani mm 15 kwa 30 kwa mlingoti wa mm 75. Utapunguza uzito kwa asilimia 36 na kupoteza asilimia 13 tu ya ugumu. Pale unapopita sitaha, na pale kamba zinapofungwa, jaza ndani kwa mbao.

Gundi iwe epoksi, na juu yake vanishi inayokinga jua. Gundi nyeupe ya maseremala huachia polepole chini ya mzigo wa kudumu.

Kabla hujalipia mbao zote, omba kipande kimoja cha kutupwa kutoka ubao uleule, kichane kijiti cha unene wa kidole, ukivunje gotini. Kikilalamika kwanza na kuacha vibanzi virefu, lipa. Kikikatika ghafla kama chaki, tafuta ubao mwingine.