Kliniki ya kisukari iliyonivua viatu: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya pili, natumia vidonge na insulini ya usiku. Kliniki niliyokuwa nahudhuria zamani ilikuwa na haraka: unatobolewa kidole, unaandikiwa dawa zilezile, unaondoka. Namba ikisoma vizuri unaambiwa uko sawa. Lakini sukari ya asubuhi moja ni ya asubuhi hiyo tu, na mtu akijibana siku chache kabla ya kliniki, itatoka safi. HbA1c, kipimo kingine cha damu, ndiyo inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na kule sikuwahi kusikia ikitajwa. Nikahama.

Hapa nilipo sasa, kilichonishangaza kwanza ni kuambiwa nivue viatu na soksi. Nesi alikagua katikati ya vidole, akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, kisha akaniambia nifumbe macho. Akawa ananigusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukifikia mkandamizo wa gramu 10, nami nijibu kila ninapohisi. Chini ya kidole gumba cha kushoto sikuhisi kitu. Sikuwa na maumivu wala kidonda, kumbe ganzi ilishaanza. Alinieleza bila kunitisha: nisitembee peku hata ndani ya nyumba, nikung'ute viatu kabla ya kuvaa, na miguu yangu sasa itakaguliwa mara nyingi zaidi ya ile mara moja kwa mwaka.

Tumbo nalo alilipapasa, akakuta vivimbe pale ninapojichoma kila siku. Insulini ikiingia hapo haifyonzwi sawasawa. Nilipoanza kubadilisha sehemu ya kuchoma, sukari ikaacha kupandapanda ovyo. Mkojo wanapima albumini, damu wanapima kreatinini, kwa ajili ya figo. Presha hawaiachi.

Kwa huduma hiyo nawapa nyota nne kwa moyo mweupe.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu mbili. Tunaambiwa tuje bila kula, halafu foleni inafika mchana. Kwa anayetumia insulini hiyo ni hatari kabisa. Nimemwona mgonjwa mwenzangu akitetemeka na kutokwa jasho kwenye benchi, alipopimwa sukari ilikuwa chini ya 4 (mmol/L), yaani imeshuka mno. Alipewa maji ya sukari haraka, sawa, ila asingefika huko kama wangetanguliza wenye insulini. Na HbA1c haihitaji mtu kufunga.

La pili ni macho. Wanakuandikia rufaa ukapimwe retina, yaani sehemu ya nyuma ndani ya jicho, kwingine, lakini majibu hayarudi kwenye faili, na daktari anakuuliza tu, "Macho vipi?" Mgonjwa atajuaje, wakati retina huharibika kimyakimya huku bado anaona vizuri? Ukienda huko omba nakala ya majibu, uibebe mwenyewe, na uhakikishe imebandikwa kwenye faili kabla hujatoka chumba cha daktari.